Sonona kipindi cha kukoma hedhi: hatua kwa hatua, kwa mama mwenyewe na wanaoishi naye

Hii nawaandikia kina mama kuanzia miaka 40 na kuendelea, na mabinti zao, na waume pia maana wao ndo wa kwanza kulalamika "mama watoto kabadilika siku hizi". Nimekaa kliniki ya kina mama miaka mingi kama nesi na kitu kinachoniuma mpaka leo ni hiki: mama anakuja na kichwa anapewa panadol, anarudi moyo unamwenda mbio anapimwa malaria, anarudi tena hana usingizi anaambiwa punguza mawazo, na katika wote hao hamna hata mmoja aliyemuuliza mama, siku zako zinakwendaje, na je bado kuna kitu kinakufurahisha? Hayo maswali mawili yakiulizwa pamoja unashangaa vitu vinavyotoka.

Kitu kimoja nataka kishike kabla sijaenda mbali. Sonona (ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka) ya kipindi hiki mara nyingi inaanza KABLA damu haijakoma, sio baada. Wengi wanasubiri damu ikate kabisa ndo waanze kufikiria mambo ya homoni, kumbe miaka ile hedhi inarukaruka, mwezi huu unaona mara mbili, mwezi ujao huoni, ndo miaka mibaya zaidi kwa moyo. Mama ana 44, bado anaona siku zake, analia jikoni bila sababu, anajiona anachanganyikiwa au amerogwa, hata haimjii akilini kwamba inahusiana na kizazi. Na hata anayemhudumia haimjii. Ndo maana naandika.

Hatua ya 1: jua umefikia wapi

Kukoma hedhi ni pale umemaliza miezi 12 mfululizo hujaona damu na hamna sababu nyingine, sio mimba, sio kunyonyesha, sio sindano ya uzazi wa mpango. Wengi inawafika kati ya miaka 45 na 55. Ikikata kabla ya 40 usikae nyumbani ukajiambia nimewahi tu kuzeeka, hilo linahitaji hospitali, mifupa na moyo vinaathirika mapema na wewe mwenyewe uko kwenye hatari kubwa zaidi ya sonona.

Sasa kabla ya hapo kuna miaka kadhaa ya kuelekea, kwa wengi kama minne hivi, wengine inafika hata kumi. Watu wanadhani homoni ya estrojeni inashuka taratibu mpaka inaisha. Sivyo. Inapanda juu, inaanguka, inapanda tena, haina ratiba. Na estrojeni sio ya kizazi tu, inafanya kazi kwenye ubongo pia, inagusa zile kemikali kama serotonini zinazoshika usingizi na hali ya moyo. Kwa hiyo ikiyumba nawe unayumba, hasira za karibu, machozi ya karibu, kusahau jina la mtu unayemjua, kushtuka usiku wa manane umelowa jasho na moyo unadunda. Hayo yote yana sababu ya kimwili, hujaharibikiwa.

Ila sio kila mama anaingia kwenye sonona, wengi wanapita na usumbufu tu. Wa kuangaliwa zaidi ni mama aliyewahi kuugua sonona huko nyuma, aliyepata huzuni nzito baada ya kujifungua, yule ambaye tangu ujana siku zikikaribia anabadilika kabisa, aliyetolewa kizazi pamoja na ovari (huyu homoni zinakatika siku moja, hana hata nafasi ya kuzoea), na yule ambaye jasho la usiku halimpi usingizi. Ongeza na maisha yenyewe. Umri huu ndo watoto wanaondoka, au wanarudi na wajukuu wa kulea, mzazi wako anaugua, mume ana nyumba ndogo, na kama ni mtumishi wa serikali hapa Tanzania miaka 55 unaruhusiwa kustaafu kwa hiari na 60 ni lazima, kwa hiyo mwalimu wa watu anakuta mwili, ndoa na kazi vyote vinageuka kipindi kimoja. Ukimwambia huyo "jikaze" unakuwa hujamsaidia kitu.

Tahadhari moja kwa mnaochoma sindano au mnaotumia kijiti: njia hizo zinaweza kukata damu zenyewe, kwa hiyo huwezi kutumia damu kujua kama umekoma. Angalia umri na dalili nyingine. Na usiache uzazi wa mpango mapema: kwa wasiotumia njia hizo za kukata damu, wenye zaidi ya miaka 50 subiri mwaka mzima bila damu, walio chini ya 50 subiri miwili. Mimba ya miaka 47 ipo, nimeipokea mikononi.

Hatua ya 2: jipime kwa wiki mbili

Chukua daftari la kawaida, hata lile la hesabu za kikoba. Kila usiku andika mistari michache: umeona damu au la na ni nyingi kiasi gani, joto limekupanda mara ngapi, umelala saa ngapi, moyo ulikuwaje leo, na nini kilitokea siku hiyo. Usiandike insha. Wiki mbili zinatosha kuanzia, ukifika mwezi na nusu ndo vizuri zaidi maana unaanza kuona mpangilio, mfano moyo unaanguka siku mbili baada ya usiku wa majasho.

Halafu jibu maswali haya tisa, ni yale yale yanayotumika hospitali duniani kote, yanaitwa PHQ-9, na kwa Kiswahili yameshapimwa na kutumika Kenya na Tanzania. Kwa kila swali jiulize ndani ya wiki 2 zilizopita limenitokea kiasi gani: halijatokea ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3.

1. Kukosa hamu au furaha ya kufanya mambo.
2. Kujisikia huzuni, kukata tamaa.
3. Kukosa usingizi, au kulala kupita kiasi.
4. Kuchoka, kukosa nguvu.
5. Kukosa hamu ya kula au kula mno.
6. Kujiona hufai, umeshindwa, umeiangusha familia.
7. Kushindwa kutuliza akili kwenye jambo, hata kusikiliza taarifa ya habari.
8. Kwenda au kuongea polepole mpaka watu wanaona, au kinyume chake, kuhangaika huwezi kutulia.
9. Kuwaza bora ufe, au kujidhuru.

Jumlisha. Kuanzia 5 mpaka 9 ni dalili kidogo, endelea kujiangalia na fanya yale ya hatua ya 5 na 6. Ukifika 10 nenda hospitali. 15 kwenda juu nenda wiki hii hii, na 20 ni kali, usiende peke yako. Na swali la 9, hata kama umeweka 1 tu na jumla yako ni ndogo, ruka soma hatua ya 3 sasa hivi.

Hapa kuna mtego ambao naona hata wahudumu wanaingia. Usingizi, uchovu na kusahau vinaweza kuletwa na majasho ya usiku peke yake bila sonona yoyote. Kwa hiyo tazama zaidi swali la 1 na la 2. Mama aliyechoka kwa kukosa usingizi, mjukuu akija anafurahi, harusi ya jirani anakwenda kucheza. Mama mwenye sonona mjukuu anapanda mapajani na hasikii kitu. Hata zile hasira na machozi ya homoni huwa zinakuja na kuondoka ndani ya siku, ila sonona inakaa, asubuhi mpaka jioni, karibu kila siku, wiki mbili au zaidi. Ukiona hiyo ya pili usijidanganye kwamba itapita yenyewe.

Hatua ya 3: kama unawaza kufa

Mwambie mtu leo. Sio kesho baada ya kumaliza kupika. Dada yako, binti yako mkubwa, mama mchungaji, jirani unayemwamini, mwambie maneno yenyewe bila kuzunguka: "nimeanza kuwaza bora nife, naomba ukae na mimi". Halafu muende wote hospitali yoyote yenye daktari, hii ni dharura kama dharura nyingine. Tanzania unaweza kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, wakakuelekeza pa kwenda. Kenya ipo 1199 ya Msalaba Mwekundu, nayo bure.

Wewe uliyeambiwa, usipige kelele, usimsomee dhambi, usimwambie "ukifa watoto utamwachia nani" maana hilo ameshaliwaza na linamuumiza zaidi. Kaa naye. Ondoa ndani ya nyumba dawa ya panya, dawa ya kupulizia mimea, na vidonge vyote vilivyolimbikizwa kwenye kabati, wape ndugu wakae navyo. Kumuuliza mtu wazi wazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo kichwani, mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua. Na ukiona mama ghafla anagawa vitenge vyake, anaelekeza nani achukue shamba, anaaga aga watu bila safari, usisubiri akuambie.

Kuna wanaoficha kwa kuogopa sheria. Kenya mahakama kuu Januari 2025 ilisema kifungu kinachomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakwenda kinyume na katiba, na huo ndo mwelekeo sahihi. Popote ulipo, kusema unawaza kufa sio kosa, na daktari kazi yake ni kukutibu.

Hatua ya 4: nenda hospitali ukiwa na sentensi yako

Dokta wa OPD (wagonjwa wa nje) ana foleni mpaka nje, anakupa dakika chache. Ukianza na "kichwa kinaniuma" dakika zote zinaishia kwenye kichwa. Kwa hiyo ingia na sentensi umeshaiandaa, hata iandike kwenye daftari umsomee: "Dokta, nina miaka 48, hedhi zangu zimevurugika tangu mwaka jana, nina wiki sita moyo umekufa sina furaha ya kitu chochote, silali kwa sababu ya jasho, na alama zangu za yale maswali tisa ni 14. Naomba tuzungumze kuhusu sonona na kukoma hedhi." Mwanzoni utaona aibu, sema hivyo hivyo. Kama daktari ni kijana wa umri wa mwanao bado mwambie, amesomea.

Mwambie na haya bila kuulizwa: dawa zote unazotumia pamoja na za kienyeji, kama uliwahi kupata huzuni kubwa huko nyuma, kama kuna historia ya saratani ya matiti au damu kuganda mguuni, na kama unakunywa pombe kiasi gani. Kama unatumia ARV yenye dolutegravir iseme, wengine inawasumbua usingizi, na kuhamishia kidonge asubuhi mara nyingi kunasaidia, lakini usibadilishe mwenyewe, ongea na CTC yako (kliniki unayochukulia ARV).

Vipimo vya kuomba: wingi wa damu, sukari, presha, na tezi ya thairoidi kama kituo kina uwezo. Wingi wa damu usikubali urukwe, maana kuelekea kukoma hedhi damu inaweza kutoka nyingi na mabonge mpaka unaishiwa, na mtu aliyeishiwa damu anachoka, anakosa pumzi, anaonekana kama ana sonona kumbe anahitaji madini ya chuma. Thairoidi ikifanya kazi chini ya kiwango nayo inaleta uchovu, kunenepa na huzuni. Kipimo cha homoni za uzazi kwa mama aliyefika miaka 45 mwenye dalili za kawaida wala hakihitajiki, kwa sababu homoni leo ziko hivi kesho vile, kwa hiyo mtu akikuambia lipa hela nyingi upime homoni kwanza, hela hiyo kanunue vitu vingine.

Na hili sio la sonona lakini nikilikuta mlangoni siwezi kulipita: umekaa mwaka mzima huna damu halafu ikatokea tena, hata tone, hata mara moja, nenda ukaangaliwe kizazi na mlango wa kizazi. Usiseme siku zimerudi.

Kama kituo chako hakina mtu wa afya ya akili omba rufaa. Hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina kitengo, na kubwa kama Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza zina wataalam. Kliniki ya afya ya akili sio ya "vichaa" kama watu wanavyosema barazani, wengi utakaowakuta kwenye benchi ni watu kama wewe, walimu, wafanyabiashara, mama wa nyumbani.

Hatua ya 5: okoa usingizi

Mimi ningeambiwa nichague jambo moja tu la kufanya nyumbani ningechagua hili. Mama akilala, nusu ya vita imepungua, na mama asiyelala hata ushauri mzuri hauingii.

Joto kwanza. Oga maji ya kawaida kabla ya kulala. Lala na khanga au dera la pamba, acha yale magauni ya nailoni, na tandika shuka la pamba. Weka khanga nyingine kavu na chupa ya maji kando ya kitanda ili ukishtuka umelowa ubadilishe gizani urudi kulala bila kuwasha taa wala kushika simu. Feni ielekeze miguuni, umeme ukikatika uwe na upepeo karibu. Chandarua usikitoe kwa sababu ya joto, malaria bado ipo, nunua chenye dawa na kining'inize juu kiwe kipana hewa ipite. Kama mwenzio anapenda blanketi kila mtu awe na lake, hilo sio ugomvi wa ndoa. Kwa walio Dar, Tanga, Mombasa, najua Januari na Februari hata asiye na homoni anaungua, kwa hiyo miezi hiyo hata kulala mchana dakika ishirini ruksa, ila isizidi ukakosa usiku.

Chai ya rangi na kahawa mwisho saa nane mchana. Pilipili na pombe vinawawashia wengi joto, pima kwenye daftari lako kama na wewe ni hivyo. Pombe inakupa usingizi saa nne na inakuamsha saa nane usiku, na sonona inaongezeka, kwa hiyo ile glasi ya "kunituliza" iache. Amka saa ile ile kila siku hata kama hukulala vizuri. Ukikaa kitandani muda mrefu unageukageuka, ondoka, kakae sebuleni, usali au ukunje nguo, ukisikia usingizi rudi.

Na tafadhali kina mama, acheni kununua valium na piriton dukani za kulalia. Valium mwili unaizoea haraka, baada ya wiki chache hulali bila hiyo na kuiacha inakuwa mtihani. Piriton inakuacha na kichwa kizito, asubuhi unazidi kusahau.

Joto hili lina muda wake na usidanganywe ni la miezi miwili. Utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa SWAN, uliofuatilia wanawake miaka mingi, ulikuta majoto yanaendelea zaidi ya miaka 7 kwa wastani, na kwa wanawake weusi zaidi ya 10. Nalisema hili sio kukutisha ila usione aibu kutafuta dawa, huwezi kuvumilia miaka yote hiyo kwa sababu tu bibi yako alivumilia.

Hatua ya 6: ongea, na tembea

Kutembea kwa haraka nusu saa siku tano za wiki, yaani dakika 150, ndo kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa afya kwa ujumla, na mazoezi yanasaidia sonona kweli. Lakini mwenye sonona hana nguvu ya kuanza peke yake, kwa hiyo usimwambie "fanya mazoezi", mpitie alfajiri, gonga mlango, sema twende mpaka njia panda turudi. Dakika kumi zinatosha wiki ya kwanza. Zile grupu za jogging za wikiendi Dar na Zanzibar zina kina mama wengi tu wa rika hili, huhitaji raba za bei.

Kuongea sasa. Wengi tunasema tunaongea, kumbe tunalalamika na kupashana. Kuongea kunakotibu kuna mpangilio. Uganda, vijiji vya kusini magharibi, kulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2003: watu wa kawaida wa huko huko walifundishwa, sio madaktari, wakaongoza vikundi vya wenye sonona, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Sonona ilipungua sana ukilinganisha na vijiji ambavyo havikupata vikundi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa njia hiyo. Zimbabwe nako daktari Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi wakae kwenye mabenchi nje ya zahanati wasikilize watu, na imefanya kazi vizuri. Kwa hiyo msinambie sisi Waafrika hatuna tiba ya kuongea.

Njia ile ya Uganda inaangalia mambo manne tu, na unaweza kuyachukua hata kwenye kikundi chenu: msiba ambao hujaulilia vizuri, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Kila mama anachagua lipi ndo lake kubwa sasa hivi. Halafu kikundi hakimpi hotuba, kinamuuliza: wiki hii utafanya nini kidogo kuhusu hilo, na wiki ijayo tunakuuliza ilikwendaje. Mfano mama ambaye mwanawe wa mwisho kaenda chuo, lake ni mabadiliko na upweke, wiki hii anakwenda kumtembelea wifi yake aliyekaa mwaka hajamwona. Jambo dogo linalofanyika linashinda mipango mikubwa. Vikoba tunakutana kila wiki tayari, nusu saa ya mwisho baada ya hisa inatosha kabisa, sharti liwe moja, kinachosemwa pale hakiendi wasap.

Maombi endelea nayo, mimi mwenyewe naomba. Dua na dawa havigombani. Ila shehe au mchungaji akikuambia acha vidonge, hapo mwambie kwa heshima utaongea na daktari wako kwanza.

Hatua ya 7: dawa, bila woga na bila papara

Kuna dawa za aina mbili watu wanazichanganya. Za kwanza ni za sonona yenyewe. Hospitali za serikali utakazokutana nazo sana ni fluoksetini na amitriptilini, na sehemu nyingine setralini. Hizi hazifanyi kazi siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza unaweza kupata kichefuchefu, kichwa, au wasiwasi kuongezeka kidogo na ukadhani zimekushinda, vumilia na urudi kliniki, unafuu huanza kuonekana wiki ya 2 mpaka ya 4 na kwa wengine ya 6. Amitriptilini inakausha mdomo na kukupa usingizi mzito, inafunga choo, na ukizidisha vidonge ni hatari sana kwa moyo, kwa hiyo mwenye mawazo ya kufa asikae na kopo zima. Hazikugeuzi kuwa teja, ila usiziache ghafla. Mama aliyetibiwa saratani ya matiti na anatumia tamoksifeni aseme, maana fluoksetini inapunguza nguvu ya tamoksifeni, kuna nyingine za kuchagua.

Za pili ni homoni. Hizi ndo bora kuliko zote kwa majoto na jasho, na kwa mama aliye kwenye miaka ile ya kuyumba zinaweza kunyanyua moyo pia, hasa kama sonona imekuja pamoja na majasho na kukosa usingizi. Sonona kali usitegemee homoni peke yake. Watu wengi, hata madaktari, walitishika na utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 uliotaja madhara ya homoni hizi, lakini wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, sio mama wa 49. Leo inakubalika kwamba kwa mwenye afya nzuri, chini ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu akome, faida kwa kawaida inazidi madhara. Mwenye kizazi lazima apewe estrojeni pamoja na projesteroni kulinda kizazi. Asiyefaa ni aliyewahi kupata saratani ya matiti, damu kuganda, kiharusi, ugonjwa wa ini, au anayetoka damu isiyojulikana sababu. Hazipatikani kila duka na sio rahisi kwa bei, waulize hospitali kubwa, na usianze kwa kumeza vidonge vya majira vya binti yako.

Ukavu ukeni na maumivu ya tendo la ndoa nao unaleta huzuni na ugomvi wa chini chini, tunauficha sana. Kuna jeli za kulainisha dukani na kuna homoni ya kuweka ukeni yenye kiwango kidogo. Uliza. Na ile "dawa ya kusafisha kizazi" na "kurudisha homoni" inayouzwa mitandaoni na picha za maua, laki moja kwa dozi, usiweke hela yako hapo. Soya, mlonge, mbegu za maboga ni chakula kizuri, kula, ila sio tiba ya sonona.

Hatua ya 8: kwa baba na watoto

Baba, mkeo akikataa tendo la ndoa kipindi hiki mara nyingi sio dharau wala hana mtu nje, anaumia, amechoka, halali. Muulize taratibu. Nenda naye hospitali, ukae ndani ya chumba cha daktari, usimsubiri kwenye gari. Maneno ya "umezeeka" na "nitaoa" hata kwa utani yaache kabisa, mwenye sonona anayabeba wiki nzima.

Wanangu, mama akiwafokea sasa hivi kuliko zamani msijibizane. Chukueni kazi mbili tatu za nyumbani bila kuombwa na msiziite msaada. Mnaoishi mbali, msitume hela tu, pigeni simu msikilize sauti. Mtu wa karibu ndo anaona mapema kwamba mama ameacha kusuka nywele, ameacha kwenda jumuiya, redio haiwashi tena. Mkiona hivyo wiki mbili zimepita, mmoja wenu achukue ruhusa kazini ampeleke.

Hatua ya 9: usiache njiani

Hapa ndo tunapopoteza kina mama wengi. Mwezi wa pili anajisikia vizuri, anaacha dawa, anaacha kikundi, mwezi wa nne amerudi chini zaidi ya mwanzo. Dawa za sonona zinaendelea kwa muda baada ya kupona dalili, kawaida sio chini ya miezi 6 na mara nyingi 9 mpaka 12, na kuacha kunafanywa taratibu kwa kupunguza dozi ukiwa na daktari. Rudia yale maswali tisa kila baada ya wiki mbili uandike namba. Kama baada ya wiki 6 za dawa, umezimeza vizuri kila siku, namba haijashuka angalau nusu, rudi useme hivyo, dozi inaweza kuongezwa au dawa ikabadilishwa, sio kwamba wewe huponi. Na tarehe ya kurudi kliniki mpe mtu mmoja nyumbani aitunze kwenye simu yake, maana siku ile moyo ukiwa mzito wewe mwenyewe utasema nitaenda wiki ijayo.